Kibindo: shajara ya diski isiyochomekwa popote

Februari, mwanzoni

Mradi nimeuita Kibindo, na sharti lake ni moja: kasha lisiwe na tundu lolote. Faili ziingie na kutoka hewani, chaji iingie bila waya, na mwenye nacho asihitaji kukichomeka mahali popote tangu siku anapokipata hadi siku betri itakapokufa. Kiwe cha mfukoni, kisizidi unene wa milimita 12, na kibebe kadi ya memori ya gigabaiti 128 au zaidi.

Sababu ya kwanza ni ya kimakanika. Plagi ya USB-A ya kawaida imesanifiwa kuhimili kuchomekwa na kuchomolewa mara 1,500, na zile za micro-USB na USB-C mara 10,000. Flashi inayozungushwa kutwa kutoka kompyuta hii hadi ile hulegea shingoni kabla memori yake haijachakaa, na hapo unabaki na data nzima ndani ya kifaa kisichosomeka. Sababu ya pili ni vumbi na maji, ambavyo hupenda matundu. Ya tatu ndiyo iliyonisukuma hasa: flashi inakutaka uitoe, utafute tundu linaloifaa, ugundue kwamba simu ina la aina nyingine, kisha uanze kuulizia kiunganishi. Nataka kitu kikae mfukoni na faili zake zionekane kwenye simu.

Kuhusu hifadhi ya mtandaoni: naitumia kila siku na sina ugomvi nayo. Ila faili kutoka kwenye simu hadi kompyuta iliyo palepale mezani kwa kupitia kituo cha data kilicho maelfu ya kilomita, tena kwa bando langu, ni safari nisiyoona maana yake.

Februari, baada ya kusomasoma: waliotangulia

Wazo si jipya hata kidogo. Mwaka 2002 watafiti wa Intel wakiongozwa na Roy Want walieleza kifaa walichokiita Personal Server: kompyuta ndogo ya mfukoni yenye hifadhi, isiyo na kioo wala vibonye vya kuandikia, ambayo ingetumia skrini zozote zilizo jirani kwa njia ya Bluetooth. Ukiondoa suala la chaji, hicho ndicho Kibindo, zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Kisha ikaja Wireless USB. Maelezo yake rasmi yalitoka 2005 yakiahidi megabiti 480 kwa sekunde ndani ya mita 3, na 110 ndani ya mita 10. Kwenye karatasi ilikuwa sawa na USB 2.0 bila waya. Sokoni haikufika popote.

Baadaye vikaja vifaa halisi. Eye-Fi iliweka Wi-Fi ndani ya kadi ya kamera. Seagate walitoa GoFlex Satellite mwaka 2011, diski ya gigabaiti 500 yenye betri na Wi-Fi yake. SanDisk wakatoa flashi za Wi-Fi mwaka 2013 na tena 2015. Nimeangalia maelezo ya vyote hivi na kuna jambo moja linalojirudia katika zile diski na flashi: waya uliondolewa kwenye data tu, ukabaki kwenye chaji. Kwa hiyo tundu lilibaki, na mtu aliyekwisha kuchomeka waya ili achaji anajiuliza, kwa nini nisihamishe faili kwa waya huohuo ambao una kasi zaidi? Nadhani swali hilo liliwaua kuliko ushindani wowote. Kifaa chenye tundu kitatumiwa kwa tundu. Ndiyo maana nalishikilia sharti langu hata pale litakaponitesa.

Februari, mwishoni: data ipite wapi

Nimefanya hesabu za gigabaiti 1, yaani megabiti 8,000, kwa kila njia ninayoweza kuipata.

NFC, redio ya kugusisha vifaa viwili, kwenye kasi yake ya kilobiti 424 kwa sekunde, ingechukua zaidi ya saa tano. Bluetooth ya nishati ndogo, ile iliyoongezewa kasi ya megabiti 2 kuanzia toleo la 5, kwa vitendo hutoa kama megabiti 1.4, kwa hiyo ni saa moja na nusu hivi. Wi-Fi ya ESP32, chipu ndogo itakayokuwa ubongo wa Kibindo, ambayo kwa kawaida hupitisha megabiti 20 hivi kwa sekunde, ni dakika 6 na sekunde 40. Wi-Fi ya gigahezi 5 yenye antena moja hutangazwa kuwa megabiti 433. Tukikubali kupata nusu yake, ni chini ya sekunde 40. USB 2.0 yenyewe, kwa vitendo, ni nusu dakika.

Kuna njia za kuvutia zaidi ambazo sizigusi. TransferJet, iliyoanzishwa na Sony mwaka 2008, ilikuwa nzuri kweli: gigahezi 4.48, kasi ya juu ya megabiti 560, na ilifanya kazi kwa sentimita chache tu, kwa hiyo kugusisha vifaa viwili ndiko kulikokuwa kuunganisha. Lakini inahitaji chipu yake pande zote mbili, na simu nyingi hazikuwahi kuwa nayo. WiGig ya gigahezi 60 hufikia gigabiti 7 kwa sekunde, nayo ina kasoro ileile. Kifaa changu hakina haki ya kumdai mtu anunue simu nyingine, kwa hiyo nabaki na vitu ambavyo simu tayari inavyo: Wi-Fi, Bluetooth, na kwa simu nyingi NFC.

Uamuzi: zote tatu, kila moja na kazi yake. Bluetooth ya nishati ndogo iwe macho muda wote kwa sababu haili umeme. Wi-Fi ilale, iamshwe tu pale faili inapoombwa. NFC nitaiwekea kazi nyingine, nitaieleza nikifika huko.

Machi: bloku au faili

Hapa nimekaa sana, na nadhani hapa ndipo watu wengi wenye wazo hili hawajafika.

Flashi ya kawaida haijui faili ni nini. Inachojua ni bloku: kompyuta inasema nipe bloku namba fulani, au andika hizi kwenye namba fulani, basi. Majina, folda, tarehe na nafasi iliyobaki ni mambo yanayotunzwa na kompyuta iliyochomekewa. Utaratibu huo ni salama kwa sababu tundu linaruhusu mwenyeji mmoja tu kwa wakati. Ukiupeleka hewani kama ulivyo, simu na kompyuta zinaweza kuishika diski hiyohiyo pamoja, kila moja ikiwa na picha yake kichwani ya nafasi ipi iko wazi, na kila moja itaandika juu ya kazi ya mwenzake bila kujua. Mfumo wa faili utaharibika ndani ya dakika chache, tena kimyakimya.

Kwa hiyo Kibindo lazima kiwe mwenye faili. Kijue majina, kipange foleni ya wanaoandika, kikatae pale inapobidi. Kwa maneno mengine si flashi, ni seva ndogo sana. Jambo hili lina faida ambayo sikuitarajia: kwa kuwa hakuna kompyuta itakayoisoma kadi moja kwa moja, silazimiki kutumia mifumo ya faili iliyozoeleka kwenye flashi, si FAT32, yenye kikomo cha gigabaiti 4 kwa faili, wala exFAT, ambayo haitunzi kumbukumbu ya kuisaidia kujirekebisha umeme ukikatika katikati ya kuandika. Nachagua mfumo wowote wa faili ninaoutaka ndani, na simu haitaona tofauti.

Lugha ya kuzungumzia faili hizo nimechagua WebDAV. Ni ya mwaka 1999, inapanda juu ya HTTP, lugha ya tovuti, na mifumo mingi ya kompyuta inaifahamu bila kusakinisha kitu. Ina mauzauza yake. Windows, bila kubadilishiwa mipangilio, inakataa kupakua kwa WebDAV faili inayozidi megabaiti 50 hivi, na inakataa neno la siri la kawaida likipita kwenye HTTP isiyosimbwa. Ukitaka HTTPS, yaani HTTP iliyosimbwa, unahitaji cheti cha kuthibitisha seva ni ya nani, na kifaa cha mfukoni kisicho na jina la kudumu kwenye intaneti hakipewi cheti kirahisi. Kivinjari kitapiga kelele za onyo. Kwa sasa: WebDAV kwa kompyuta, na programu yangu ndogo kwa simu, ambamo ninaweza kuhakiki ufunguo wa kifaa mwenyewe bila kusubiri cheti cha mtu.

Machi, wiki hiyohiyo

Kizuizi cha kipuuzi kuliko vyote: simu inapojiunga na Wi-Fi ya Kibindo inajaribu kufika intaneti, inashindwa, kisha inaamua kwamba mtandao huu ni mbovu na kuuacha. Au inabaki, na mwenye simu anakosa ujumbe wake wote mpaka ajitoe. Diski zile za 2011 na 2013 zililalamikiwa kwa jambo hili, na walalamikaji walikuwa na haki.

Android 10, ya mwaka 2019, ilileta njia ya programu moja kuomba mtandao wake binafsi wa Wi-Fi kwa ajili ya kifaa kilicho karibu, huku programu nyingine zikibaki kwenye data ya simu. Hiyo ndiyo ninayoitumia. Kwa iPhone kuna njia ya programu kujiunga na mtandao uliotajwa kwa jina, tangu iOS 11, lakini tangu iOS 14 mtumiaji huulizwa pia kama anairuhusu programu kuona vifaa vya mtandao wa ndani. Akikataa kwa kidole cha haraka, Kibindo kinatoweka na hajui kwa nini. Nimeandika maelezo ya ukurasa mmoja kabla ya ombi hilo kutokea, kwa lugha ya kawaida. Ni maandishi tu, na yamenisaidia kuliko msimbo wowote niliouandika wiki hii.

Nyumbani au ofisini Kibindo kinajiunga na Wi-Fi iliyopo na kujitangaza kwa jina linaloishia na .local, kwa hiyo hakuna anayehitaji kukariri namba za anwani. Mtandao wake binafsi ni wa njiani.

Aprili: chaji

Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huzalisha umeme katika koili iliyo jirani, na chaji ya Qi, utaratibu wa kuchaji simu bila waya, haina siri zaidi ya hiyo. Muungano wa Wireless Power Consortium uliundwa 2008, toleo la kwanza la Qi likatoka 2010, la wati 5. Wati 5 kwangu ni nyingi mno. Betri ninayoitumia ni ya mAh 500 (miliampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri), kwa hiyo naipokelea chini ya wati 2 na kuiacha ijae polepole.

Jambo linalonifurahisha kuhusu Qi ni kwamba kipokezi na sahani ya chaji vinazungumza kwa kutumia koili zilezile. Kipokezi hubadilisha mzigo wake kidogo kidogo, sahani inahisi mabadiliko hayo, na kwa kilobiti 2 tu kwa sekunde vinaelewana: ongeza, punguza, nimejaa, acha. Hakuna redio ya ziada.

Jambo lisilonifurahisha ni joto. Umeme mwingi hupotea kati ya sahani na betri ukilinganisha na waya, na kinachopotea kinageuka joto ndani ya kasha lililozibwa kabisa, pembeni ya betri ya lithiamu ambayo haipendi kuchajiwa ikiwa juu ya nyuzi 45 za Selsiasi. Nimeweka kihisi joto kwenye betri yenyewe, si kwenye bodi. Ikifika nyuzi 42, kipokezi kinaomba umeme upunguzwe. Ikifika 45, kinaomba ukatwe. Chini ya sifuri hakichaji kabisa.

Bamba jembamba la feraiti, kauri inayoongoza sumaku, liko nyuma ya koili ili uga wa sumaku usiingie kwenye betri na kuichemsha bure. Tatizo ni kwamba feraiti na betri vyote ni adui wa antena ya Wi-Fi. Masafa hayagongani, maana Qi iko kwenye kilohezi 100 hadi 205 na Wi-Fi iko kwenye gigahezi 2.4. Kinachogombewa ni nafasi: antena inataka ukingo mtupu usio na chuma, na kasha langu lina kingo chache. Kwa sasa antena iko upande mfupi, koili imesogezwa kuelekea upande mwingine, na mtu akikiweka Kibindo katikati ya sahani kama anavyoiweka simu, koili hazilingani. Sumaku za Qi2, kizazi kipya cha Qi kilichotoka 2023, zingeondoa kubahatisha huko kwa kukivuta kifaa mahali pake. Nimeziacha kwanza kwa sababu ya unene.

Wazo la pembeni ambalo linazidi kunipendeza: simu kadhaa zinaweza kutoa chaji kwa mgongo. Huawei Mate 20 Pro ilikuja nayo 2018, Samsung Galaxy S10 ikafuata 2019. Kibindo kikikauka njiani, unakilaza mgongoni mwa simu kwa dakika chache kikapata umeme wa kutosha kutoa faili moja. Simu italipa zaidi ya kile Kibindo kinachopokea, lakini mtu aliye njiani na faili iliyofungiwa hatajali asilimia mbili za betri.

Aprili, mwishoni: hesabu ya betri

mAh 500 kwa volti 3.7 ni wati-saa 1.85. ESP32 ikiwa na Wi-Fi wazi hunywa takriban nusu wati, kadi ya memori huongeza kidogo. Ni saa tatu hivi za kuhamisha faili mfululizo, ambazo hakuna anayezitumia kwa siku moja.

Kinachomaliza betri ni kungoja. Nikiiacha ESP32 ijitangaze kwa Bluetooth kutwa, betri itaisha mapema bila mtu kugusa faili. Kwa hiyo nimeongeza chipu ya pili, nRF52, isiyo na kazi nyingine ila kusikiliza na kujitangaza. Ikijitangaza mara moja kwa sekunde hunywa makumi ya mikroampea tu. ESP32 na kadi ya memori vinakatiwa umeme kabisa, si kulazwa. Bodi imekuwa na chipu mbili zenye programu mbili, na hilo ni zito kwa mtu anayefanya kazi peke yake. Sioni njia nyingine.

Mei: tundu lilikuwa likijibu maswali

Nimeanza kuuona mradi kwa jicho tofauti. Nilidhani kazi ni kuhamisha data na umeme bila waya, na kumbe hivyo viwili vina majibu yaliyokwisha kutengenezwa na wengine. Kazi ni yale mengine ambayo plagi ilikuwa ikiyafanya bila kutajwa. Ukichomeka flashi umesema kwa tendo moja: nakubali, kompyuta hii na si nyingine, kuanzia sasa. Ukiichomoa umesema: basi. Ridhaa, uchaguzi, mwanzo na mwisho. Ukiondoa tundu, yote manne yanabaki bila mwenyewe, na kila moja linahitaji kujengwa upya.

Ridhaa kwanza. Bluetooth na Wi-Fi hupita ukuta. Mtu aliye chumba cha pili, ambaye hukumwona wala hukumwalika, yuko karibu na Kibindo chako sawasawa na wewe. Neno la siri peke yake halitoshi, maana watu wataweka neno dhaifu, na kifaa kisicho na skrini hakiwezi kuwaonyesha nani anabisha. Hapa ndipo NFC inapofanya kazi yake. Kifaa kipya hakitambuliwi mpaka kigusishwe na Kibindo, na NFC haivuki sentimita 4 hivi. Katika mguso huo wanabadilishana funguo za siri; baada ya hapo Bluetooth na Wi-Fi zinatumia funguo hizo, na nywila haipo kabisa.

Zipo mbinu za kuurefusha mguso wa NFC kwa vifaa viwili vinavyopokezana mawimbi, kwa hiyo nimeongeza sharti: mguso unahesabika tu kama kihisi mwendo kimehisi Kibindo kikigongwa mara mbili kwa kidole sekunde chache kabla. Mwizi atahitaji kukigonga. Akiweza kukigonga, basi kiko mkononi mwake, na tunaingia kwenye suala la pili.

Kikiibwa. Kila kilicho kwenye kadi kimesimbwa, na ufunguo wa kufungulia haukai ndani ya Kibindo. Unakaa kwenye simu na kompyuta zilizokubaliwa, nao hupelekwa kila kinapoamshwa. Umeme ukikatwa, ufunguo unafutika. ESP32 ina sehemu yake maalumu ya kusimba kwa AES, mbinu ya kusimba iliyozoeleka, kwa hiyo kasi haipungui sana. Nilifikiria pia kutumia bodi ya Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta kamili ya bodi moja, lakini kichakataji chake hakina maagizo ya AES, na ningehitaji kitu kama Adiantum, mbinu nyingine ya kusimba ambayo Google waliitoa 2019 kwa ajili ya vichakataji vya aina hiyo. Zaidi ya hapo inakunywa umeme kiasi cha kuimaliza betri yangu ndani ya saa moja na kidogo. Imeondoka kwenye orodha.

Athari yake ni kwamba aliyepoteza simu yake pekee iliyokubaliwa amepoteza na faili. Nitamlazimisha mtumiaji achapishe ufunguo wa akiba siku ya kwanza, kwenye karatasi. Najua wengi watabofya "baadaye".

Mei, katikati: mwisho wa kuandika

Mwenye flashi akiichomoa ghafla, angalau anajua amechomoa. Mwenye Kibindo anaondoka zake, simu mfukoni na Kibindo mezani, na uandishi unakatikia njiani bila yeye kujua kuna jambo limetokea.

Kanuni niliyoiweka: faili inayoingia inaandikwa kwa jina la muda. Ikikamilika, alama yake ya uhakiki inalinganishwa na ile iliyotumwa na simu, kisha ndipo inapewa jina lake. Isipokamilika haionekani popote, na vipande vyake vinahifadhiwa ili simu ikirudi iendelee ilipoishia. Kwa mtumiaji, faili ama ipo nzima ama haipo.

Kuna taa moja, inayoonekana kwa kupenya plastiki ya kasha pale ilipokwanguliwa ikawa nyembamba. Ikiwaka kwa kupepesa, kuna uandishi. Ikiwaka mfululizo sekunde mbili kisha ikazima, umekwisha. Nimekataa maombi ya rangi tatu.

Upande wa simu, programu inatoa taarifa uandishi ukikatika. Upande wa WebDAV siwezi kutoa taarifa hiyo; Windows itasema inavyotaka yenyewe.

Juni: kukiokoa kifaa kisicho na mlango

Programu ya ndani ikiharibika kwenye flashi ya kawaida, unatupa flashi. Kwenye simu, unachomeka waya na kuijaza upya. Kibindo hakina waya. Kosa moja baya kwenye toleo jipya na kila Kibindo kilichosasishwa kitakuwa kipande cha plastiki chenye faili za watu.

Ulinzi wa kwanza ni wa kawaida: nafasi mbili za programu. Toleo jipya linaandikwa kwenye ile isiyotumika, linajaribiwa, na lisipothibitisha ndani ya muda kwamba limewaka na Bluetooth inafanya kazi, ESP32 inarudi kwenye la zamani. Ulinzi wa pili ni programu ndogo ya kuwashia iliyo ndani ya nRF52, ambayo haisasishwi kamwe na inajua jambo moja: kupokea programu mpya kwa Bluetooth na kuisukumia ESP32.

Kilichobaki ni namna ya kuiita hiyo programu ndogo kila kitu kikiwa kimeganda. Kibonye kinahitaji tundu, au utando unaochakaa. Swichi ya sumaku ingefaa sana, hadi ukikumbuka Qi2: mtu anakiweka Kibindo kwenye sahani yenye sumaku na kinajiwasha upya usiku kucha. Suluhisho nililolipenda linatumia chaji yenyewe. Kukiweka kwenye sahani na kukiondoa mara tano ndani ya nusu dakika kunahesabiwa na saketi ndogo isiyopitia programu yoyote, na ya tano inakata umeme wote kwa sekunde moja na kuiamsha programu ya uokoaji. Hakuna anayefanya hivyo kwa bahati mbaya, na hata akifanya, anachopoteza ni kuwasha upya tu.

Ndani ya kasha, chini ya skrubu na gasketi ya mpira, nimeacha vidoti vya shaba vya kushikia waya wa fundi. Rafiki mmoja ameniambia huko ni kuvunja sharti langu mwenyewe. Sikubaliani. Sharti lilikuwa mtumiaji asichomeke. Sikuahidi kumfungia nje anayerekebisha. Kasha lililogundishwa kwa gundi ili lionekane zuri ni kasha ambalo betri yake haibadilishwi, na betri za lithiamu zinakufa.

Julai: kilipofika

Kibindo cha majaribio kinafanya kazi. Picha ya megabaiti 4 inatoka kwenye simu na kufika kwenye kadi ndani ya sekunde mbili hivi baada ya Wi-Fi kuamka. Kuamka kwenyewe ndiko kunakochosha: Bluetooth inaita, ESP32 inawaka, simu inajiunga, na kwa simu za zamani hilo linachukua muda mrefu kuliko kuhamisha picha yenyewe. Kwa picha moja ndogo, Bluetooth ingewahi kabla Wi-Fi haijasimama. Nimeandika kanuni kwamba kitu chochote chini ya kilobaiti 500 kipite Bluetooth moja kwa moja na Wi-Fi isiamshwe.

Video ndizo zinazoonyesha udhaifu. Faili ya gigabaiti 3 ni dakika 20, na palipo na mitandao mingi ya gigahezi 2.4 inaweza kuwa mara mbili ya hapo. Kuna chipu ya ESP32-C5 yenye gigahezi 5 pia, nami nitaijaribu, ila sitarajii miujiza: gigahezi 5 itanitoa kwenye msongamano, lakini kichakataji kidogo kinachosimba, kinachoandika kwenye kadi na kinachoendesha Wi-Fi kwa pamoja kina kikomo chake. Kwa anayehamisha video za gigabaiti makumi kila siku, waya bado ni jibu sahihi na sitamdanganya.

Yaliyo mezani sasa: kusogeza koili irudi katikati na kuipeleka antena kwenye kona, kisha kupima upya masafa na joto kwa pamoja, maana kimoja kikipona kingine huugua. Kuandika sehemu ya kuendelezea upakuaji kwa upande wa iPhone, ambayo programu zake husimamishwa skrini ikizimwa. Na kuamua kama mguso wa pili wa NFC, kutoka kwenye simu iliyokwisha kukubaliwa, uwe njia ya kumwazima mtu folda moja kwa saa moja bila kumpa kilichobaki. Mchoro wake ninao, na bodi mpya itakuja na nafasi ya antena kubwa zaidi ya NFC kwa ajili hiyo.